Historia ya Michigan kwenye boli: kwa nini hesabu hazikubaliani?

Mwana_Malindi aliuliza:

Assalam aleikum wanabaraza. Kuna ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 utakaosimamishwa ukutani kwenye ukumbi wa kutazamia mpira hapa Malindi. Vijana wameshikwa na futiboli ya Kimarekani tangu Michigan, timu ya chuo kikuu huko Marekani, wachukue ubingwa Januari 2024, na wanataka waone historia yote ya timu hiyo kwenye mechi za boli, kuanzia ya kwanza mpaka mwisho wa msimu wa 2024.

Shida ni hesabu. Mara napata mechi 52, mara 53. Ushindi mara 23, mara 24. Mwaka 1981 unatokea mara mbili, na 1980 hauko kabisa. Halafu tangu 1902 mpaka 1975 naona mechi sita tu. Timu kubwa kama hii ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Na wale wageni wa mchezo wanauliza boli yenyewe ni kitu gani: ligi, kombe au kirafiki? Anayejua anifungulie kabla sijachovya brashi kwenye rangi.

Mkunguni alijibu:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana asiyejua boli ni nini hata umwandikie matokeo yote hataona kitu.

Boli si ligi na si kombe. Ni mechi ya mwaliko. Msimu wa kawaida ukishakwisha, kamati ya mji fulani hualika timu mbili za vyuo zilizofanya vizuri, aghalabu kila moja kutoka ligi yake, zije zikutane mara moja. Kwa kawaida anayeshinda haendi raundi ya pili. Anabeba kikombe, anarudi kwao, msimu umefungwa. Waambie vijana wafikirie Maulidi ya Lamu. Watu wanakuja kwa ajili ya Maulidi, na pembeni mna mbio za punda na mashindano ya majahazi. Punda aliyeshinda hapandi daraja lolote. Kashinda Maulidi ya mwaka ule, na sifa yake inabaki mjini.

Boli ya kwanza ilizaliwa hivyo hivyo, pembeni ya sherehe. Mji wa Pasadena, California, ulikuwa na maandamano ya maua kila Mwaka Mpya tangu 1890. Tarehe 1 Januari 1902 wakaongeza mechi ya futiboli ili kuvuta watu, wakaalika Michigan na Stanford. Michigan ya kocha Fielding Yost ilikuwa imecheza mechi kumi msimu ule bila kuruhusu hata pointi moja. Ikashinda 49-0. Neil Snow peke yake aliufikisha mpira nyuma ya mstari mara tano. Zilipobaki dakika nane nahodha wa Stanford akaomba mchezo ukomeshwe, ukakomeshwa. Waandaaji hawakurudia futiboli mpaka 1916. Miaka ya kati walipendelea burudani nyingine, zikiwemo mbio za vigari vya farasi vya mtindo wa Kirumi.

Kwa hiyo mstari wa kwanza kwenye ubao wako ndio mstari wa kwanza wa historia ya boli zote, si ya Michigan peke yake. Uuandike kwa uangalifu. Usiseme ilichezwa kwenye uwanja wa Rose Bowl, kwa sababu uwanja huo ulifunguliwa 1922. Mechi ya 1902 ilichezwa mahali paitwapo Tournament Park. Na asije mtu akagawa 49 kwa saba akasema zilikuwa tachidauni saba. Wakati huo tachidauni, yaani kuupitisha mpira mstari wa mwisho, ilikuwa na pointi 5. Siku hizi ni 6.

Hilo la mechi sita nalirudia baadaye, maana ni refu na ndilo lenye uchungu.

BintiMambrui alijibu:

Ndugu Mwana_Malindi, umechanganya mwaka wa msimu na mwaka wa kalenda, na hapo ndipo 1980 yako ilipopotelea. Msimu unaanza mwisho wa Agosti. Boli zinachezwa kuanzia Desemba na kuvuka mpaka Januari. Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 1981, Michigan walipoifunga Washington 23-6, ni ya msimu wa 1980. Bluebonnet Bowl ya tarehe 31 Desemba 1981, walipoifunga UCLA 33-14, ni ya msimu wa 1981. Ukipanga kwa kalenda, 1980 inabaki tupu na 1981 inabeba mbili.

Kwa Michigan jambo hilo limetokea katika miaka tisa ya kalenda: 1979, 1981, 1984, 1994, 2005, 2013, 2016, 2018 na 2024. Huo wa 2024 utakuletea ubishi ukumbini, jiandae. Tarehe 1 Januari Michigan waliifunga Alabama kwenye Rose Bowl, na tarehe 31 Desemba wakaifunga Alabama tena, 19-13, kule Tampa. Atakayeona Alabama mbili za 2024 atadhani umerudia mstari. Dawa ni safu mbili: ya kwanza "Msimu", ya pili "Tarehe" kamili yenye siku, mwezi na mwaka. Panga kwa msimu, kamwe usipange kwa tarehe.

Sasa 52 na 53. Tarehe 8 Januari 2024 huko Houston Michigan waliifunga Washington 34-13. Hiyo ni fainali ya taifa ya mchujo, yaani mtoano wa timu chache bora unaompata bingwa wa nchi, na haina jina la boli. Lakini nusu fainali za mchujo zilichezwa ndani ya boli: Orange Bowl ya 31 Desemba 2021 (Georgia 34, Michigan 11), Fiesta Bowl ya 31 Desemba 2022 (TCU 51, Michigan 45), na hiyo Rose Bowl ya 1 Januari 2024. Hizo tatu ni boli halali, zihesabu. Fainali iandike kwa rangi nyingine, nje ya jumla. Boli zitakuwa 52, ushindi 23, kufungwa 29. Anayeingiza fainali anapata 53, ushindi 24, kufungwa 29 vile vile. Kwa hiyo ukiona kufungwa kumefika 30 ndani ya kipindi chako, kosa si la fainali. Umerudia mechi mahali.

Sare hakuna. Muda wa nyongeza uliingia kwenye futiboli ya vyuo na boli za msimu wa 1995, na kabla ya hapo sare ilibaki sare, lakini Michigan hawakuwahi kutoka sare kwenye boli hata moja. Safu ya sare iache.

Ili usingoje mpaka mwisho ndipo ugundue umekosea, kagua njiani. Ukimaliza Rose Bowl ya Januari 1965 uwe na ushindi 4, kufungwa 0. Ukimaliza Gator Bowl ya Desemba 1979: 4 kwa 7. Rose Bowl ya Januari 1990: 9 kwa 12. Holiday Bowl ya Desemba 1994: 13 kwa 13, mizani imekaa sawa. Citrus ya Januari 2001: 17 kwa 15. Capital One Bowl ya Januari 2008: 19 kwa 20. Fiesta ya Desemba 2022: 21 kwa 29. Namba ikikataa kituo kimoja, tafuta kosa kati ya kituo hicho na kilichotangulia tu, usirudie ubao mzima.

Kuna mtego mmoja wa kwetu huku. Rose Bowl ikianza saa nane mchana Pasadena, Malindi ni saa saba usiku wa kuamkia tarehe 2. Fainali ile ya Houston ilianza saa tisa na nusu usiku kwetu, tarehe 9 imeshaingia. Wanaoandika tarehe waliyoitazama, badala ya tarehe ya kule ilikochezwa, ndio wanaoleta Rose Bowl za "2 Januari 2024" ambazo hazimo katika daftari lolote. Boli za Florida za mchana hazina shida hiyo: Citrus ikianza saa saba mchana huko, kwetu ni saa tatu usiku, siku ile ile.

Mkunguni alijibu:

Ahsante Bi Mambrui, umeisafisha njia. Sasa zile mechi sita.

Mechi zenyewe ni hizi: Rose Bowl za 1902, 1948, 1951, 1965, 1970 na 1972. Zote sita ni Rose Bowl, na hapo ndipo jibu lilipo. Michigan iko kwenye ligi ya Big Ten, na ligi hiyo kwa miaka mingi ilikataza timu zake kucheza chochote baada ya msimu. Mwaka 1946 wakafanya mkataba na ligi ya pwani ya magharibi: bingwa wa Big Ten akutane na bingwa wa pwani kwenye Rose Bowl. Mechi ya kwanza ya mkataba ilikuwa Januari 1947, Illinois wakaifunga UCLA 45-14. Lakini mlango ulifunguliwa nusu. Timu moja tu ya Big Ten kwa mwaka, Rose Bowl tu, na aliyekwenda mwaka huu mwakani asiende hata akiwa bingwa.

Angalia sheria hiyo ya kutorudia ilivyofanya kazi. Msimu wa 1947 Michigan walikwenda wakaifunga USC 49-0, alama zile zile za 1902. Msimu wa 1948 wakashinda mechi zote tisa, wakawekwa wa kwanza nchini na kura ya waandishi ya shirika la habari la AP, na wakabaki nyumbani. Northwestern ndiyo iliyokwenda Pasadena. Bingwa wa nchi nzima hana boli! Msimu huo ukiuacha tupu kwenye ubao, mtazamaji atadhani timu ilikuwa mbovu.

Sheria ya kutorudia ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini ile ya timu moja ikabaki, na ndiyo iliyowaumiza zaidi. Misimu mitatu, 1972, 1973 na 1974, Michigan walishinda mechi 30, wakafungwa 2, wakatoka sare 1. Boli walizoenda: sifuri. Mechi zote tatu walizokosa kushinda ni dhidi ya Ohio State: 14-11, 10-10 na 12-10.

Ya 1973 inastahili kuelezwa. Timu zote mbili ziliingia uwanjani Ann Arbor, mji wa Michigan wenyewe, hazijafungwa, zikatoka 10-10. Ubingwa wa ligi ukagawanywa. Ohio State ndiyo iliyokuwa imekwenda Pasadena mwaka uliotangulia, kwa hiyo watu wengi walitarajia safari hii iwe ya Michigan. Uamuzi ulikuwa wa kura ya wakurugenzi wa michezo wa vyuo vya ligi. Kwotabeki wa Michigan, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kupasi, Dennis Franklin, alikuwa amevunjika mtulinga mwishoni mwa mechi ile, na jeraha hilo likaingia katika mizani. Kura ikaipa Ohio State. Michigan, mechi 11 bila kufungwa, ikafunga msimu kwa kuambiwa haiendi. Kocha Bo Schembechler hakulisahau jambo hilo maisha yake yote, na mimi naona alikuwa na haki.

Kuanzia msimu wa 1975 Big Ten wakaruhusu timu zaidi ya moja kwenda boli nyingine. Michigan wakaenda Orange Bowl papo hapo, Januari 1976, wakafungwa na Oklahoma 14-6. Tangu hapo hawakukosa boli hata msimu mmoja mpaka wa 2007: misimu 33 mfululizo. Kwa hiyo ubao wako usiwe na mechi tu. Weka na mistari mitupu yenye sababu. Msimu wa 1948: "bingwa, sheria ya kutorudia". Ya 1972 na 1974: "timu moja tu". Wa 1973: "kura". Kisha mitupu ya siku hizi, ambayo sababu zake ni nyingine: 2008 walishinda 3 wakafungwa 9, 2009 na 2014 walishinda 5 wakafungwa 7, na kwa kawaida unatakiwa ushinde 6 ili ualikwe; 2020 ni mwaka wa korona, walicheza mechi sita tu.

Mwana_Malindi aliuliza:

Mzee Mkunguni, Bi Mambrui, Mungu awazidishie. Nimekagua kwa vituo, kosa langu lilikuwa kati ya 1994 na 2001: Alamo Bowl ya Desemba 1995 nilikuwa nimeiruka. Sasa majina. Naona Hall of Fame, Outback na ReliaQuest, zote Tampa. Ni boli tatu au moja? Na Capital One ni ipi? Pia vijana wanataka rekodi ya kila kocha. Mistari itaenea?

Ubao_na_Chaki alijibu:

Ni boli moja, shekhe. Tampa ilianza kwa jina Hall of Fame, ikawa Outback, kisha ReliaQuest, kwa sababu kampuni inayolipa ndiyo inayoweka jina. Kwenye mstari wa mechi andika jina la siku ile. Kwenye jumla za pembeni unganisha kwa mji. Ukifanya kinyume utakuwa na boli tatu zenye mechi 2, 4 na 1, na hakuna atakayeona kwamba Michigan wamekwenda Tampa mara saba: 1988, Januari 1994, 1997, 2003, 2013, 2018 na Desemba 2024, ushindi 4, kufungwa 3. Capital One ni Citrus ile ile ya Orlando; huko wameshinda 4 wakafungwa 2. Rose Bowl ndiyo kubwa: mechi 21, ushindi 9, kufungwa 12. Orange 1 kwa 3. Gator 1 kwa 2. Sugar, Fiesta na Holiday 1 kwa 1 kila moja. Alamo 0 kwa 2. Bluebonnet, ambayo siku hizi haipo tena, 1 kwa 0. Peach 0 kwa 1, na ile ya Arizona ya Desemba 2013, iliyoitwa Buffalo Wild Wings wakati huo, 0 kwa 1. Zijumlishe: 23 na 29. Zisipofika hapo kuna mechi umeiruka au umeirudia.

Makocha, kwa boli tu bila fainali: Yost, Crisler, Oosterbaan na Elliott, kila mmoja ushindi 1 na hakufungwa. Schembechler 5 kwa 12. Moeller 4 kwa 1. Carr 6 kwa 7. Rodriguez 0 kwa 1. Hoke 1 kwa 2. Harbaugh 2 kwa 6. Moore 1 kwa 0. Hapa kuna kosa linalorudiwa sana: Gator Bowl ya 1 Januari 1991, Michigan 35 na Ole Miss 3, hupewa Schembechler kwa mazoea. Yeye alimaliza na Rose Bowl ya Januari 1990. Ile ya 1991 ni ya Moeller.

Vipimo. Mistari yako ni hii: mechi 6 za kwanza, misimu 50 kuanzia 1975 mpaka 2024 (46 yenye boli na 4 mitupu), misimu 4 ya dhulma ya zamani, na fainali. Jumla 61. Ubao ukisimama una urefu wa sentimita 244 na upana wa 122. Ukiandika safu moja ndefu, kila mstari utapata chini ya sentimita 4 na hakuna atakayesoma kutoka kwenye benchi la nyuma. Gawa pande mbili za sentimita 61, kila upande mistari 33 ya sentimita 6 na nusu. Hiyo inakula 214 na nusu, inabaki 29 na nusu ya kichwa, na una mistari mitano ya akiba kwa misimu ijayo. Ndani ya kila upande: Msimu sentimita 9, Tarehe 14, Boli 16, Mpinzani 14, Matokeo 8. Kwenye matokeo anza na pointi za Michigan kila mara, hata walipofungwa, na ushindi uwe kwa rangi moja na kufungwa kwa nyingine. Ukichanganya, 13-12 ya 1972 itasomeka kama ushindi, na Stanford ndio walioshinda. Iandike 12-13. Chora mistari yote kwa penseli kwanza, uache rangi ya chini ikauke sawasawa. Hewa ya chumvi ya Malindi inachelewesha rangi ya mafuta, na herufi ukiziweka juu ya rangi mbichi zinatambaa.

Makocha na jumla za miji zisikae kwenye ubao huu. Tafuta kipande kingine.

Shella_Pwani alijibu:

Kwenye kipande cha makocha naomba muandike wazi kwamba Schembechler alikuwa dhaifu kwenye boli. 5 kwa 12 haina maelezo mengine. Alipoteza saba za kwanza mfululizo! Harbaugh naye alipoteza sita mfululizo lakini akamalizia na ubingwa.

Mkunguni alijibu:

Ndugu yangu wa Shella, namba unayo, lakini hujazifungua. Chukua hizo saba za Schembechler moja moja. Januari 1970, USC 10-3, na yeye hakuwepo uwanjani kwa sababu alipatwa na mshtuko wa moyo kabla ya mechi. 1972, Stanford 13-12. 1976, Oklahoma 14-6. 1977, USC 14-6. 1978, Washington 27-20. Januari 1979, USC 17-10, na moja ya tachidauni za USC mpaka leo inabishaniwa: Charles White aliudondosha mpira karibu na mstari na mwamuzi akasema ulishavuka. Desemba 1979, North Carolina 17-15. Hakuna hata moja aliyopoteza kwa zaidi ya pointi 8. Mechi saba, tofauti zote zikijumlishwa ni pointi 40. Na tano kati ya hizo ni Rose Bowl, tatu dhidi ya USC, ambao kwao ni Los Angeles, jirani kabisa na Pasadena. Kwa Michigan ni safari ya kutoka theluji ya Ann Arbor mpaka upande wa pili wa nchi.

Kilichomponza zaidi ni mpira wenyewe aliocheza. Alijenga timu ya kukimbia na mpira, pasi chache. Katika ligi iliwatosha, kwa sababu walikuwa na nguvu kuliko wengi. Kwenye boli unakutana na mwenye nguvu kama zako aliyepata majuma kadhaa ya kukusoma. Ukitangulia kufungwa na hujui kupasi, saa inakuishia. Tazama alama zenyewe: 3, 12, 6, 6. Ulinzi ulifanya kazi yake, mashambulizi hayakufika.

Sita za Harbaugh ni jambo tofauti. Tofauti za pointi ni 1, 7, 26, 19, 23 na 6. Mbili za mwisho ni nusu fainali za mchujo, hizo uziweke kando. Lakini Peach Bowl ya Desemba 2018, Florida 41-15, Michigan waliicheza bila Rashan Gary, Devin Bush na Karan Higdon, waliojitoa kujitayarisha kwa ligi ya kulipwa. Siku hizi boli isiyo ya mchujo inachezwa na nusu ya timu, na sababu yake inaonekana kwenye mstari wa Orange Bowl ya Desemba 2016: Jake Butt alichanika kano ya goti katika mechi ile, na alipochaguliwa na timu ya kulipwa alishuka mpaka raundi ya tano. Kijana akiliona hilo, kocha atamwambia nini? Kwa hiyo rekodi ya boli ya 1977 na ya 2018 hazipimi kitu kimoja, na kuzilinganisha bila maelezo ni kumwonea Schembechler.

BintiMambrui alijibu:

Naongeza la nyota za ubingwa wa taifa, maana mtaulizwa. Weka nyota kwenye misimu minne yenye boli: 1901, 1947, 1997 na 2023, na nyota ya tano kwenye mstari mtupu wa 1948. Wa 1947 una ubishi: wakati huo AP walifunga kura kabla ya boli na Notre Dame ikawa ya kwanza, kisha baada ya ile 49-0 wakapiga kura nyingine isiyo rasmi na Michigan wakashinda. Wa 1997 ubingwa uligawanyika: AP waliwapa Michigan, waliotoka 12-0 baada ya kuifunga Washington State 21-16, na kura ya makocha ikawapa Nebraska. Wa 2023 hauna mgawanyiko, walishinda mechi 15 kati ya 15.

Mstari wa Rose Bowl ya msimu huo wa 2023 upeni nafasi ya maneno mawili zaidi ya matokeo. Michigan walikuwa nyuma 20-13, na zilipobaki dakika moja na sekunde 34 J.J. McCarthy akampasia Roman Wilson yadi 4, ikawa 20-20. Kwenye nyongeza Blake Corum akakimbia yadi 17, 27-20. Alabama wakafika yadi ya tatu, jaribio la nne na la mwisho. Mpira ukapewa kwotabeki wao Jalen Milroe, akaingia katikati, na ukuta wa Michigan ukamkalia hapo hapo. Kwenye safu ya matokeo andikeni "27-20, nyongeza". Neno hilo litakuwa kwenye mistari mitatu tu ya ubao mzima: huo, Orange Bowl ya Januari 2000 dhidi ya Alabama, 35-34, Alabama walipokosa mkwaju wa pointi moja, na Sugar Bowl ya Januari 2012 dhidi ya Virginia Tech, 23-20. Zote tatu Michigan walishinda.

Mwana_Malindi alijibu:

Mistari 61 imetosha, penseli imekwisha kupigwa. Rose Bowl ya 2023 nimeandika 1/1/2024, ya Pasadena. Wa 1973 nimeandika neno moja tu kama ulivyosema mzee wangu: "kura".